Shajara ya mradi: kitanda cha kuvutia mguu, karakana ya Mwanga, Kigoma

Wiki ya kwanza, Jumatatu

Mwakeye (ndo salamu yetu ya Kiha). Naandika huku kwa sababu daftari langu la karakana limemwagikiwa mawese, kurasa zimegandana, na hii kazi sitaki vipimo vyake vipotee maana naona ntakuja kuirudia. Leo asubuhi kaja sista mmoja wa kituo fulani cha afya (sikitaji, hawajanikosea kitu, sitaki tu jina lizunguke), kanikuta nachomelea geti, kasimama mbali na cheche mpaka nikazima mashine. "Fundi, nasikia we ndo ulitengeneza vitanda vya bweni kule Gungu." Nikamwambia ndio sista. "Basi nataka viwili, ila vya kuvutia miguu."

Nikacheka, nikajua utani. Kumbe yuko siriasi. Wanataka fremu mbili za chuma za kufunga kwenye vitanda vya wodi, ile mtu kavunjika paja, mguu unafungwa kamba, kamba inapita kwenye puli, mwisho wa kamba unaning'inia mzigo. Waliyonayo ni moja tu na puli yake imeshika kutu haizunguki. Na huu ni msimu wa chikichi, wakwezi wanadondoka. Ile michikichi ya wazee ni mirefu balaa, mtu anapanda na mkanda na panga asubuhi kuna umande, mguu ukiteleza ndo imetoka hiyo. (Hii michikichi ya mbegu mpya, tenera, wanayogawa miche siku hizi miaka ya mwanzo unakata mkungu umesimama chini kabisa, ila nani atang'oa mchikichi aliopanda babu yake.) Hapo boda hujazihesabu bado.

Nimekubali. Bei tumepatana nusu sasa nusu kazi ikiisha, na sista kanisisitizia kitu kimoja, fundi usije na kitu kizuri cha kuangalia, njoo na kitu kinachovuta.

Jumatano

Nimeenda wodini kupima vitanda. Dokta wa pale kijana mdogo ila ana subira, kanichorea kwenye boksi la glavu. Anasema misuli ya paja ina nguvu kuliko tunavyodhani, mfupa ukikatika misuli inajikaza, vipande vinapandana, mguu unakuwa mfupi na maumivu ni ya kufa mtu. Kwa hiyo unavuta taratibu usiku na mchana mpaka misuli inachoka, vipande vinarudi kwenye mstari, afu unashikilia hapohapo mfupa uunge. Mtu mzima anaweza kulala hivo kama wiki 12. Mtoto ni wiki chache tu, mifupa yao inaunga haraka.

Nikamuuliza dokta si siku hizi wanaweka chuma ndani ya mfupa? Akasema wanaweka na ndo bora, mgonjwa anasimama mapema, ila mpaka apate rufaa, mpaka nafasi ya upasuaji ipatikane, hapo katikati anakaaje? Anavutwa.

Namna ziko mbili. Ya kwanza unafunga bendeji na plasta kwenye ngozi, na hiyo mwisho wake ni kilo 5, ukizidisha ngozi inachubuka inatoka na plasta. Ya pili dokta anapitisha pini ya chuma kwenye mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti, hiyo inabeba zaidi, kwa paja la mtu mzima wanaanzia kama sehemu ya kumi ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 anavutwa na kilo 6. Pini inaingilia upande wa nje inatokea upande wa ndani, kwa sababu upande wa nje kuna mshipa wa fahamu umepita karibu na unataka uukwepe pale unapoanzia wakati unaona, sio kubahatisha kwenye kutokea. Hapo mi nilikuwa nimeshashika ukuta, jamani. Chuma kwenye vaisi sawa, ila chuma kwenye mtu hapana.

Vipimo: upana wa kitanda sentimita 90, bomba la miguuni ni la inchi moja, kutoka godoro mpaka sakafuni sentimita 58.

Jumamosi

Fremu ya kwanza imesimama. Skwea paipu ya inchi moja na nusu, nguzo mbili miguuni mbili kichwani, boriti moja juu inapita katikati, na bembea ya kujiinulia imening'inia usawa wa kifua ili mgonjwa ajinyanyue mwenyewe akiwekewa bakuli au akigeuzwa shuka. Bembea nimeichomelea mnyororo wa geti, mi na msaidizi wangu tumening'inia wote wawili kwa pamoja haijalia hata kidogo. Nimefurahi mno, nimeipiga rangi ya bluu.

Miguuni sikuweka puli. Nikasema bomba si lipo, laini, la mviringo, kamba ya nailoni itateleza tu. Kumbukeni hilo bomba.

Wiki ya pili, Jumanne

Aibu. Tumeifunga fremu kitandani, wakanilaza mimi wa kujaribia (sista alisema fundi ndo alale ajue), wakanifunga mguu mzima mzima, wakaning'iniza mfuko wa mchanga wa kilo 5. Dakika kumi nikaanza kuteremka na shuka. Taratibu, kama mtumbwi uliosahaulika kufungwa, sikuhisi hata kama nahama, nilishtuka tu unyayo umegusa bomba na ule mfuko umekaa sakafuni umetulia kabisa. Wodi nzima inacheka. Mzee mmoja wa kitanda cha dirishani anasema, "Fundi, sa hivi kinachokuvuta ni usingizi."

Sista akaniambia, ukivuta mtu upande mmoja lazima kuwe na kitu kinamvuta upande wa pili, la sivyo humvuti, unamhamisha. Na hicho kitu ni uzito wake mwenyewe: unainua miguu ya kitanda upande wa miguuni, mwili unataka kuteremkia kichwani, mzigo unavuta huku, basi vinakutana kwenye paja. Kanuni yao ni kama sentimita 2 na nusu kwa kila nusu kilo. Kilo 6 ni kama sentimita 30. Walikuwa wanatumia matofali, na matofali yanapasuka, kitanda kinashuka ghafla usiku na mtu ana pini kwenye mfupa, we fikiria.

Nimerudi na kazi mpya ya magogo ya kuinulia. Nina vipande vya mninga vilivyobaki kwenye milango ya mteja, vizito, havipasuki. Nimekata ya sentimita 10 na ya 20 ili wakitaka 30 wapandanishe, na kila gogo nimelichimba shimo juu la kuingia mguu wa kitanda na chini pana kama kinu lisiyumbe. Msaidizi anauliza mbona tunapoteza mninga kwa kitu cha kukanyagwa. Nikamwambia lala we nikuinue na matofali.

Alhamisi

Hii ndo siku nimejifunza kitu. Kwenye kujaribu mara ya pili, miguu ya kitanda imeinuliwa, siteremki tena, safi. Ila sista anashika kamba upande wa mguu anaipapasa, anasema mbona kama imelegea. Nikasema mfuko si ule unaning'inia, kilo 6 nimepima mwenyewe. Akasema kilo 6 ziko kule, huku kwa mgonjwa sijui zimefika ngapi.

Nikaenda Kibirizi kwa jamaa yangu wa dagaa nikaazima mizani ya ndoano, ile ya springi. Nikafunga mizani sehemu ya mguu, kamba ikapita juu ya lile bomba langu laini la mviringo, upande wa pili mchanga kilo 6. Nikiiachia taratibu mzigo ushuke, mizani inasoma 3 na nusu na kidogo. Nikiivuta kurudi upande wa mgonjwa inapanda mpaka 9 na zaidi ndo mfuko unaanza kunyanyuka. Yani mzigo haujabadilika hata punje, ila mgonjwa akitulia anavutwa na karibu nusu tu ya alichoandikiwa, akijigeuza kidogo anakatwa na kilo 9 kwa mkupuo. Na hapo kwenye faili imeandikwa 6.

Nikajaribu puli ya plastiki ya dukani, ile ya kuchotea maji kisimani. 4 na nusu, afu inapiga kelele. Nikajaribu kapi ya zamani ya mtumbwi, hiyo hata sikumaliza.

Kilichofanya kazi: bearing (ile ringi ya vigololi) namba 6201, kipenyo cha ndani milimita 12, cha nje 32. Nimempelekea jamaa mwenye mashine ya kukereza anikerezee magurudumu ya mninga ya sentimita 7 yenye mfereji wa kamba, katikati tundu la kubana bearing, nikaigonga na nyundo ya mpira ikakaa, bolti ya 12 inapita. Kilo 6 kule, mizani huku inasoma 5.8 ikishuka na 6.2 ikivutwa. Nilikaa pale natazama sindano ya mizani kama natazama mpira. Msaidizi anasema fundi twende tukale, namwambia ngoja, ngoja kwanza.

Sheria nilizoandika na chaki kwenye mlango wa karakana: kamba isiguse kitu chochote zaidi ya puli. Fundo lisikae karibu na puli, maana mguu ukisogea fundo linaingia kwenye mfereji linakwama, umeharibu. Mzigo usiguse sakafu wala chuma cha kitanda.

Ijumaa

Mifuko ya mchanga imenitia hasara. Mchanga nilichota ufukweni Kibirizi, nikauosha kwa maji ya ziwa utoke takataka, nikajaza kwenye mifuko ya turubai iliyoshonwa mara mbili, nikapima, nikaandika kwa rangi: 1, 2, 5. Leo napima tena ya 5 inasoma 4.3. Nikadhani mizani imeharibika. Kumbe mchanga ulikuwa na maji, umekauka. Nimemwaga wote kwenye bati juani siku nzima, tumejaza upya mkavu kabisa, tumepima upya, tumeshona. Ile rangi ya zamani nimeikwangua ili mtu asije akachukua mfuko wa uongo.

Sista kaongeza oda ya mifuko mingine midogo mirefu isiyo ya kuning'iniza. Ni ya kuweka pembeni ya nyonga na pembeni ya mguu usipinduke nje. Na mito miwili ya sponji ya pembetatu. Halafu akanionyesha kitu kidogo ila nimekielewa sana, kisigino. Mguu ukilala kwenye mto siku nzima, kisigino kinabeba uzito wote kwenye ngozi kama sarafu tu, wiki moja kidonda. Kwa hiyo mto unakaa chini ya shavu la mguu na kisigino kinaelea hewani, unapitisha kiganja chini yake hakigusi. Mto wangu wa kwanza ulikuwa mrefu mno unafika mpaka kisiginoni, nimeukata.

Wiki ya tatu, Jumatatu

Splinti za Thomas, vyuma vya kushikilia mguu uliovunjika. Hizi nazo ni za hiyohiyo kazi ya wodi, ni nne, na ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote kwa sababu ni kazi ya mhunzi kabisa. Ni pete inayokaa juu kabisa ya paja, imegandamiza mfupa wa kukalia, na vyuma viwili vinashuka pande zote za mguu mpaka vinapita unyayo vinakutana chini. Mguu unafungwa kamba kwenye ule mwisho wa chini, pete inasukuma juu, basi mvuto unabaki ndani ya kifaa chenyewe, unaweza kumbeba mtu kwenye Landcruiser kutoka kijijini mpaka mjini na mguu bado umevutwa. Hakuna mfuko wa mchanga unaobembea njia nzima.

Dokta kanisimulia huyo Thomas mwenyewe. Hugh Owen Thomas, alikuwa daktari Liverpool, Uingereza, alifariki 1891. Baba yake alikuwa mfunga mifupa wa kienyeji, ukoo mzima wafunga mifupa, hawana vyeti, wanapigwa vita na madaktari, basi mzee akaona dawa ni kuwasomesha vijana udaktari. Nikasema huyo si kama mzee wetu wa huku tu anayefunga na fito za mwanzi! Na nyumbani kwake Thomas alikuwa na mhunzi wake na mtu wa kushona ngozi, vifaa vinatengenezwa palepale kwa kipimo cha mgonjwa. Enzi zake madaktari wenzake hawakumjali sana. Ilipokuja vita kuu ya kwanza mpwa wa mke wake, Robert Jones, ndo akaisukuma splinti ya mjomba itumike jeshini, na waliovunjika paja kwa risasi ambao kabla ya hapo wengi sana walikuwa wanakufa, inasemekana kama 80 kwa 100, wakashuka chini ya 20. Kwa chuma kilichokunjwa na ngozi. Paja likivunjika mtu anaweza kumwaga lita nzima ya damu na zaidi ndani kwa ndani bila tone kuonekana nje, na kila mguu ukitikisika anamwaga tena, ndo maana.

Siku hiyo nilifanya kazi nimenyoosha mgongo.

Jumatano

Vipimo vya splinti nisije nikasahau. Raundi ba laini ya milimita 10, sio nondo ya ujenzi yenye meno. Pete: unazungusha futi juu kabisa ya paja kwa kukata mshazari, unaongeza sentimita 5 za uvimbe. Urefu: msambani mpaka kisigino, ongeza sentimita 15 mpaka 20 na kidogo. Pete haikai mraba na vyuma, imelala, na chuma cha ndani inafanya digrii 120. Chuma cha nje kinakunjwa kidogo chini ya pete kikwepe mfupa wa nyonga.

Ya kwanza nimeikosea, pete niliikunja duara kama ya ndoo. Paja la mtu sio duara, ni kama yai. Nimeivalisha msaidizi, kaenda hatua tatu kavua. Ya pili nimeikunja kwenye kigogo nilichokichonga umbo la yai na imekaa. Sehemu ya kuchomelea nimeisaga na grainda na kuimaliza na tupa mpaka ukipitisha soksi ya nailoni hainasi. Fundi viatu wa Ujiji anavalisha pete, blanketi ndani ngozi nje, mshono anauweka upande usiogusa ngozi ya mtu bila hata kuambiwa. Huyo mzee ni mtu na nusu.

Kibao cha chini ya unyayo pia, kile kinachotanua mikanda ya plasta isikandamize vifundo. Upana wake upite kidogo upana wa vifundo, tundu katikati. Na ukingo wa mkanda usikandamize upande wa nje wa goti, maana pale kwenye kinundu mshipa wa fahamu uko juujuu, ukikandamizwa mtu anapona paja ila hawezi kuinua vidole vya mguu. Sista anasema kila akipita anamwambia mgonjwa chezesha vidole, anavishika kama vina joto.

Ijumaa, kwa kifupi

Kuna kazi imeingia pembeni. Mama ana mtoto wa nyayo za kifundo (miguu iliyopinda kwa ndani tangu kuzaliwa), alishafungwa hogo, ile plasta ngumu, kila wiki mpaka miguu ikanyooka, sasa anatakiwa avae viatu vyenye chuma katikati. Chuma kimepinda. Nimetengeneza kipya cha fleti ba ya aluminiamu, urefu sawa na upana wa mabega yake, kila kiatu kimegeuzwa nje digrii 70 kwa sababu ni miguu yote miwili (ingekuwa mmoja, ule mzima ungekaa 40). Anavaa saa 23 kwa siku miezi mitatu ya mwanzo, baadaye akilala tu, mpaka kwenye miaka minne. Mama anauliza fundi miaka minne? Nikamwambia dada mi nimeambiwa hivo hivo na dokta, mguu ukiachiwa unarudi. Sijamtoza.

Wiki ya nne, Alhamisi

Mgonjwa wa kwanza wa kweli. Mkwezi, kijana wa miaka ishirini na kitu, paja la kulia, dokta kaweka pini jana. Kilo 6, magogo ya 30, puli za bearing mbili. Sista kanipigia niende kuangalia kama chuma kimetulia. Nimepima na mizani yangu kabla hawajamfunga, 5.8. Jioni dokta kapima urefu wa miguu yote miwili, wa kulia ulikuwa umeshaanza kurudi.

Jumapili

Sista kanipigia asubuhi, sauti sio. Mguu wa yule kijana umekuwa mfupi tena, na maumivu usiku yalikuwa mabaya. Nikatoka bila hata chai, nikajua bearing imekwama au bolti imeachia. Nafika, puli inazunguka vizuri. Kamba safi. Fundo liko mbali. Nimekagua fremu nzima nimepiga magoti mpaka chini ya kitanda.

Mama mzazi wa kijana alikuwa amekaa kwenye mkeka ananitazama. Mwisho akasema kwa upole, "Mwanangu, usiku nilimwonea huruma. Nilileta stuli nikauweka ule mzigo juu yake apate kulala. Alfajiri nikaurudisha kabla sista hajapita." Siku tatu mfululizo.

Sikuwa na la kusema. Mi nimehangaika na gramu mia mbili za kwenye bearing, mama kaondoa kilo 6 zote kwa stuli. Na ukimtazama huwezi kumlaumu, maana ukiona mtoto wako kafungiwa mfuko wa mchanga mguuni analia, nani asiyeleta stuli? Sista alichuchumaa pale kwenye mkeka akamwambia, "Mama, huu mzigo ndo dawa yenyewe. Ukiuinua usiku misuli inashtuka inakaza, asubuhi tukiurudisha inaanza kuvutwa upya, ndo anaumia mara mbili. Akilia niite mimi, dawa ya maumivu ipo." Mama akauliza, kwa hiyo mimi ndo nimemuumiza? Sista akasema hapana mama, sisi hatukukueleza.

Na mimi nakiri sikuwaza kabisa kama kuna mtu mwingine kwenye hii mashine zaidi ya mgonjwa na nesi. Nimefunga kengele ya baiskeli? Hapana, msaidizi alipendekeza nikakataa. Nilichofanya nimechukua rangi nyekundu nikachora mstari ukutani nyuma ya mzigo, usawa wa chini ya mfuko. Mfuko ukiwa juu ya mstari kuna mtu kauinua, ukiwa chini mgonjwa kavutika kuelekea miguuni. Kila anayepita anaona, hata asiyejua kusoma.

Wiki ya tano, Jumanne

Nimepita kupeleka fremu ya pili na splinti mbili za mwisho. Mama yuko palepale kwenye mkeka, na stuli kaikalia mwenyewe. Kuna ndugu wa kitanda cha pili alikuwa anasogeza mfuko kwa mguu apitishe ndoo, mama kamgombeza kwa Kiha mpaka wodi imegeuka, sikulishika lote ila kidole kilikuwa kinaonyesha ule mstari mwekundu.

Bado nadaiwa: bearing nne za akiba, mfuko mmoja wa 2 umeanza kuvuja kwenye kona, na magogo mawili ya sentimita 10 hayaonekani. Sista anasema atayatafuta. Mi nimeshayaona, yako jikoni nyuma ya wodi, wanapika wameyakalia. Ntakata mengine ya mti wa hovyo nikabadilishane nao.